Nanyuki au Nyahururu: Ukihamia Laikipia, Ukae Upande Upi?

Laikipia ikitajwa, wengi huwaza mambo mawili: wanajeshi wa Uingereza na wanyamapori. Yote mawili yapo, ila yameelemea upande mmoja wa kaunti. Eneo lenyewe ni takriban kilomita za mraba 9,500, na sensa ya 2019 ilipata watu 518,560, ambao wengi wao wamejibana kwenye pembe mbili za kusini. Mashariki kuna Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Magharibi kuna Nyahururu, kwenye nyanda za juu zinazopakana na Nyandarua. Katikati na kaskazini ni ranchi, hifadhi na malisho, na unaweza kuendesha gari muda mrefu bila kuona paa la mabati.

Kwa hiyo aliyepewa uhamisho wa kazi, anayesaka ploti na anayetafuta pa kustaafia, wote mwishowe hujikuta wanachagua kati ya miji hiyo miwili. Ushauri wangu nautoa mapema: mlima usikuamulie. Tazama maji, halafu tazama pesa za mji zinatoka wapi. Nanyuki inaishi kwa pesa za wageni: jeshi, watalii, hifadhi, na watu wa Nairobi wanaopanda huko kila wikendi. Nyahururu inaishi kwa maziwa, viazi, mahindi na soko. Pesa ya Nanyuki ni nene lakini ina msimu, na wanaoamua msimu huo hawako Nanyuki. Ya Nyahururu ni nyembamba, ila inaingia kila asubuhi.

Ardhi na hewa

Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na ikweta inapita pembeni kidogo tu mwa mji. Pale kwenye kibao cha ikweta utakuta vijana wakiwaonyesha watalii maji yakizunguka kwenye bakuli, kulia upande huu wa mstari, kushoto upande ule. Ni kiini macho. Hatua chache haziwezi kugeuza mzunguko wa maji ya bakuli, bali mkono wa anayemimina. Lakini kijana anachekesha, na anapata riziki yake bila kumdhuru mtu.

Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ndio unaouza viwanja vya Nanyuki. Madalali wanajua saa zake: kilele huonekana wazi alfajiri, na ikikaribia saa nne asubuhi mawingu huwa yameshaufunika. Ndiyo maana picha zote za ploti zimepigwa kukiwa na umande. Wasichokuambia ni kwamba mlima huohuo ndio unaoinyima Nanyuki mvua. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi humwaga mzigo wake upande wa Meru, Chuka na Embu, na yakivuka kuja huku yanakuwa yamebaki makapi. Karibu na msitu wa mlima bado kuna unyevu wa kutosha na udongo mwekundu. Shuka kuelekea Matanya, au pita mji uende Naibor na Doldol, na kila kilomita chache nyasi zinafifia.

Nyahururu ni habari nyingine. Iko juu zaidi, mita 2,300 na ushee, na ni miongoni mwa miji iliyo juu kabisa nchini. Mto Ewaso Narok unaporomoka hapo mjini kwenye maporomoko ya Thomson, mita 74 kwenda chini, kisha unaelekea kwenye kinamasi cha Rumuruti na baadaye kuungana na Ewaso Ng'iro. Mbali na mvua ya Machi hadi Mei, upande huu hupata mvua nyingine kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo sehemu kubwa ya mashariki inameza vumbi. Gharama yake ni baridi. Jioni ya Julai, Nyahururu inataka sweta mbili na jiko la makaa miguuni, na asubuhi za kiangazi sakitu huweza kushuka mabondeni ikachoma majani ya viazi yote kwa usiku mmoja. Mwenye pumu au magoti ya uzeeni afikirie mara mbili. Kwa mapafu ya mwanariadha, hapo ni nyumbani: John Ngugi, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 1988, na Samuel Wanjiru, aliyeshinda marathoni ya Beijing mwaka 2008, wote ni wa Nyahururu, na barabara za udongo kuzunguka mji hazikosi wakimbiaji kabla jua halijatoka.

Kuishi na kambi

Hapa ndipo miji hii inapoachana kabisa. Nyahururu haina kambi ya kigeni. Nanyuki ina majeshi mawili.

La kwanza ni la Kenya. Kambi ya wanahewa ya Laikipia ni ya ndege za kivita, na baadhi ya askari wake walikuwa kwenye jaribio la kuipindua serikali la Agosti 1, 1982, ambalo baada yake jeshi zima la wanahewa lilivunjwa na kuundwa upya. Leo unachokiona cha kambi hiyo ni ajira, familia za askari mitaani, na ngurumo ya ndege inayokatiza mazungumzo ya simu. Wenyeji hawainui hata kichwa. Mtoto mchanga atachukua wiki kadhaa kuzoea.

La pili ni Batuk, kikosi cha mafunzo cha jeshi la Uingereza, ambacho kimekuwa kikitumia Kenya kwa mazoezi tangu enzi za uhuru, mwaka 1964. Kambi yao mpya, Nyati, ilifunguliwa mwaka 2021. Wanaokaa hapo kwa kudumu ni wachache. Wanaotikisa mji ni wale wanaokuja kwa zamu za wiki kadhaa, mamia kwa mara moja, kufanya mazoezi kwenye ranchi za Laikipia na kule Archers Post, Samburu. Mjini wanaitwa ma-Johnny. Wakiingia, madereva wa teksi, wenye baa, wauza vinyago, wapishi, wafagiaji na wenye nyumba za kupangisha wanajua. Wakiondoka, wanajua pia. Korona iliposimamisha mazoezi mwaka 2020, mfuko wa Nanyuki uliisikia habari hiyo kabla ya gazeti kuiandika.

Anayefungua biashara Nanyuki lazima ajiulize: mteja wangu ni wa zamu, au ni wa mwaka mzima? Duka la vifaa vya ujenzi litaishi. Baa iliyopangwa kwa ajili ya ma-Johnny inaweza kujaa miezi miwili na kuuza soda mwezi wa tatu. Kodi ya nyumba nayo hupangwa kwa kumtazama mgeni mwenye pauni, kwa hiyo mwalimu au muuguzi analipa bei ambayo mshahara wake haukuipanga.

Halafu kuna deni ambalo halihesabiwi kwa kodi. Mwaka 2012 Agnes Wanjiru, mama kijana wa Nanyuki, alitoweka usiku akiwa kwenye hoteli waliyokuwemo wanajeshi wa Uingereza, na mwili wake ukaja kupatikana kwenye tangi la maji taka. Uchunguzi wa mahakama uliotolewa mwaka 2019 ulisema aliuawa na mwanajeshi au wanajeshi wa Uingereza. Ilibidi ifike Septemba 2025 ndipo mahakama ya Nairobi ikatoa hati ya kumkamata mshukiwa, askari wa zamani aliyeko Uingereza. Machi 2021 moto uliozuka wakati wa mazoezi uliteketeza maelfu ya ekari huko Lolldaiga, na wakazi wa jirani wakaenda kortini kudai moshi na moto uliwadhuru wao na mifugo yao. Na kabla ya hayo, mwaka 2002, Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 228, wengi wao Wamasai na Wasamburu wa Doldol na Archers Post, waliouawa ndugu zao au kujeruhiwa na mabomu yaliyoachwa malishoni bila kulipuka. Wachungaji walikuwa wakiyaokota. Mwaka 2024 kamati ya Bunge ilikuja kusikiliza malalamiko ya wakazi, na ukumbi haukukosa wa kusema.

Niliyoyaona mimi ni kwamba kambi haimzuii mtu kuishi vizuri Nanyuki. Mitaa mingi haina habari nayo, na watoto wanaenda shule kama kwingine. Lakini mzazi wa mabinti wanaokua, akiamua kupanga mbali na ukanda wa baa na vilabu vya usiku, simuoni mwoga. Na atakayenunua ardhi kaskazini, karibu na maeneo ya mazoezi, aongee na wachungaji wa hapo kabla ya kuongea na dalali.

Maji na udongo

Wanaohamia Nanyuki wanalogwa na mito. Nanyuki, Likii, Burguret, Sirimon, yote inashuka mlimani ikiwa baridi na safi. Tatizo ni idadi ya midomo. Mashamba ya maua na mboga kuelekea Timau, hoteli, mji wenyewe unaokua, wakulima wadogo wenye pampu za petroli, wote wako juu ya mito hiyohiyo. Chini kabisa, huko Samburu na Isiolo, wafugaji wanausubiri Ewaso Ng'iro, na kiangazi kikikaza mto hukatika kabla ya kuwafikia. Ndiyo maana kuna vyama vya watumiaji wa maji kwenye kila mto, vyenye kazi isiyopendeza ya kumwambia mtu mwenye shamba kubwa afunge bomba lake leo. Ukinunua nje ya mtandao wa maji wa mji, hesabu gharama ya tangi kubwa, mabati ya kuvunia mvua, na lori la maji mwezi wa pili. Kisima cha kuchimbwa kwa mashine nacho si dawa ya kila mahali, kwani kuna waliochimba wakalipa na kuambulia vumbi.

Udongo ni jambo ambalo tangazo la ploti halitajagi. Sehemu kubwa ya uwanda wa Laikipia ina ule udongo mweusi unaopasuka nyufa za kumeza kiatu wakati wa jua, na kunata kama ulimbo mvua ikinyesha. Nyumba ikijengwa juu yake kienyeji, ukuta hupasuka kwa mshazari kuanzia kona ya dirisha. Fundi mwenye akili ataufukua wote hadi afike chini palipo pagumu, ajaze mawe na kifusi, ndipo aweke msingi. Hiyo ni pesa ambayo haikuwemo kwenye bei tamu ya nane ya ekari uliyoonyeshwa. Ukiwa unapita na dalali, omba jembe, chimba futi mbili mwenyewe.

Nyahururu maji si kilio kikubwa hivyo, hasa pande za Marmanet na Igwamiti ambako mvua ni ya kutegemea. Ng'ombe wawili wa maziwa na robo ekari ya viazi vinaweza kumlisha mtu, jambo ambalo ukilijaribu Matanya bila umwagiliaji unajitafutia presha. Msitu wa Marmanet umekatwa sana miaka iliyopita, na wazee watakuambia mito midogo waliyoogelea utotoni sasa inarukwa.

Soko, barabara, shule

Asubuhi Nyahururu unaiona uchumi wake kwa macho: pikipiki zenye mitungi ya maziwa imefungwa pande mbili, matone yakidondoka kwenye lami, na magunia ya viazi yaliyorefushwa kwa wavu hadi yanaegemea. Sheria inataka gunia la kilo 50, lakini lumbesa bado inapita na mkulima bado anapunjwa. Mji huo unahudumia kaunti mbili. Uko Laikipia, lakini zamani ulikuwa makao ya wilaya ya Nyandarua, na watu wa Nyandarua bado wanafuata hapo benki, korti na hospitali. Muuza duka anapata wateja wa pande zote mbili, huku wanasiasa wakigombania mpaka.

Nanyuki ina maduka makubwa, mikahawa inayouza kahawa kwa bei ya Nairobi, na kiwanja cha ndege ndogo. Treni ya kutoka Nairobi ilirudishwa mwaka 2020, na wanaoipanda zaidi ni watu wa wikendi wasio na haraka. Barabara ndiyo iliyobadilisha mambo: upanuzi wa njia ya Kenol hadi Marua umeifanya safari ya karibu kilomita 200 kutoka Nairobi iwe nyepesi, na bei za ardhi zimeifuata lami. Kuelekea kaskazini njia hiyohiyo inakufikisha Isiolo, Marsabit na hadi Ethiopia, kwa hiyo mwenye malori au gereji Nanyuki yuko mahali pake. Nyahururu haiko mbali zaidi na Nairobi, ukipitia Gilgil, na Nakuru iko umbali wa saa moja hivi na ushee. Reli yake ya kutoka Gilgil ililala miaka mingi, usiiweke kwenye mipango.

Hospitali za rufaa zipo pande zote mbili. Kwa chuo kikuu, Nyahururu inaongoza: Chuo Kikuu cha Laikipia, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko jirani kwenye njia ya Nakuru, na wanafunzi wanahitaji vyumba. Anayetaka nyumba za kupangisha zenye mpangaji wa uhakika alifikirie hilo kabla ya kukimbilia vyumba vya watalii Nanyuki, ambako kila mtu amekimbilia.

Utalii ni wa Nanyuki bila ubishi. Ol Pejeta, hifadhi ya ekari 90,000, ndiko waliko Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani, tangu dume aliyeitwa Sudan alipokufa Machi 2018. Anayejua kuongoza wageni, kupika au kuendesha gari la safari hana kazi ya kufanya Nyahururu, ambako mtalii husimama kwenye maporomoko, hupiga picha, hula chipsi na kuondoka.

Hati miliki na amani

Ardhi ya Laikipia ina historia nzito, na ukinunua unainunua na historia yake. Mkataba wa 1904 uliwapa Wamasai uwanda huu. Wa 1911 ukawaondoa kwenda kusini ili walowezi wachukue, na kesi waliyoipeleka mahakamani mwaka 1913 ilitupwa. Baada ya uhuru baadhi ya ranchi zilinunuliwa na kampuni na vyama vya hisa, zikakatwa vipande kwa ajili ya watu wa Nyeri, Murang'a na kwingineko. Wengi wa wenye hisa hawakuja kamwe. Vipande vyao vikabaki vitupu, wafugaji wakavilisha mifugo kwa miongo, na sasa wajukuu wanatokea na karatasi. Ploti ya bei ya kutupa katikati ya kaunti mara nyingi ni moja ya hizo.

Kwa usalama, Nyahururu mjini na Nanyuki mjini pote ni shwari. Matatizo yako kaskazini-magharibi, Ol Moran na vijiji vinavyoizunguka, ambako ukame na wizi wa mifugo vikikutana na bunduki watu hukimbia makwao. Septemba 2021 nyumba zilichomwa, watu wakauawa na serikali ikatangaza kafyu. Ngarua na Sipili kuna kero nyingine, ndovu, ambao uzio wa umeme huwapunguza lakini hauwamalizi. Mwenye macho kwenye mashamba ya bei nafuu ya upande huo alale kijijini usiku mmoja msimu wa mahindi.

Wengine watakuambia uziache zote mbili uende Rumuruti, kati ya Nyahururu na Maralal. Kisheria ndiyo makao makuu ya kaunti, ingawa kwa muda mrefu shughuli nyingi za ofisi zimeendeshewa Nanyuki. Lami ipo, ardhi bado ina bei ya kibinadamu, na kinamasi kinatoa nyanya na vitunguu vingi hata kiangazi. Ni mji wa mtu mwenye subira na mtaji mdogo. Mwenye watoto wa shule na mahitaji ya hospitali kila mwezi atachoka upesi.

Mfanyakazi wa mshahara anayepewa nyumba na mwajiri, aende Nanyuki na afurahie mlima. Mstaafu mwenye kiinua mgongo cha wastani na mikono ya kulima, Nyahururu. Mfanyabiashara ategemee bidhaa yake, si mandhari.

Na usikague eneo msimu mzuri. Ploti ya Nanyuki itazame mwezi wa Februari, usimame kwenye daraja la mto ulioambiwa haukauki. Ya Nyahururu itazame Julai baada ya siku tatu za mvua, ukiwa na gari la kawaida, uone kama barabara ya ndani inapitika. Kisha upite kwa chifu, umuulize majirani wa ploti hiyo ni akina nani, na kama kuna anayewajua kwa sura.